Mlingoti wa Kiraka

Bi Futi alishona nguo za watu kwa miaka thelathini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kushona mfuko bila kujua utatiwa nini. Mteja akitaka mfuko kifuani, anaulizwa: wa kalamu, wa miwani, au wa kujishaua tu? Kila jibu lina kipimo chake. Ndiyo maana ule mlingoti ulimkera tangu siku ya kwanza mumewe alipouleta nyumbani juu ya paa la teksi, umefungwa kamba za manila na kitambaa chekundu nyuma ili magari mengine yasijichome nao.

Boti yao ilikuwa ya injini. Haikuwa na tanga na hakuna aliyefikiria kuipa tanga. Waliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mzamiaji aliyechoka nayo, wakaiziba matundu kwa mwaka mmoja na nusu, na kwa kuwa ilikuwa na viraka kumi na vinne ubavuni, wakaiita Kiraka. Ilikuwa na kijumba chenye vitanda viwili, jiko la gesi la pleti mbili, karai la kuoshea vyombo, na mapazia aliyoyashona Bi Futi mwenyewe. Kwa kipimo chake, kutoka majini hadi juu ya paa ni mita mbili na nusu. Mlingoti ukisimama, mita tano kasoro kidogo.

"Mlingoti wa nini?" alimuuliza mumewe.

"Wa bendera," akajibu.

Kesho yake ulikuwa wa taa. Wiki iliyofuata ulikuwa wa redio, ili ishike mawimbi vizuri. Majibu matatu kwa mlingoti mmoja. Bi Futi alijua kuna la nne linalofichwa, lakini alikuwa na sare za shule themanini za kumalizia, akaliacha hapo.

Hilo la kuficha lenyewe lilikuwa jambo geni, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa uongo. Mtaani walimwita Mkuu, kifupi cha Mkuu wa Daraja. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba cha vioo juu ya daraja la kuinuka, siku tatu za safari kwa boti kutoka mji walikohamia baada ya kustaafu. Ikija boti ndefu kwenda juu, anasimamisha magari, anainua daraja, boti inapita, anateremsha daraja. Ikija boti fupi, inapita chini bila kumsumbua mtu. Na ikija boti ndefu yenye mlingoti wa kukunja, Mkuu anauliza kwa redio, "Mlingoti unakunjika?" Ukikunjika, ukunjwe. Hafunguliwi mtu daraja kwa uvivu wake, huku magari mia mbili yanasubiri juani.

Kanuni hiyo aliiandika mwenyewe na hakumbagua mtu. Kaka yake Bi Futi, alipooa, alikodi boti ya kutembeza bibi harusi, akafika darajani kifua mbele. Shemeji yake ndiye aliyekuwa juu. "Mlingoti unakunjika?" Ulikuwa unakunjika. Bwana harusi akavua koti, akaukunja, akabanwa kidole, akatokea upande wa pili anakinyonya kidole kama mtoto huku bibi harusi akivunjika mbavu kwa kicheko. Huu ulikuwa mwaka wa tisa, na kila akija kwao bado anasimama mlangoni na kuuliza, "Shemeji, niiname nipite, au leo utanifungulia?"

Sasa ule mlingoti. Kiraka ilikuwa inatengenezwa nyuma ya nyumba, chini ya banda la mabati ambamo Bi Futi naye aliweka cherehani zake. Mkuu alitaka mlingoti uchomelewe palepale juu ya paa la boti, usimame moja kwa moja. Bi Futi akavuta utepe wake shingoni, akapima kutoka chini hadi boriti la banda, akamwambia hata mtoto wa darasa la kwanza anaona kuwa boti haitatoka humu ndani. Akamwita fundi wa kuchomelea, akamwagiza aweke bawaba ya chuma kwenye kitako cha mlingoti na pini ya kuukaza ukisimama. Kazi ya saa moja. Mkuu aliitazama ile bawaba kama mtu aliyeletewa barua ya kufukuzwa kazi, akanuna siku mbili. Alikula, akashukuru, akalala, lakini neno jingine halikutoka.

"Mwanaume mzima ananunia bawaba," Bi Futi alimwambia binti yao kwenye simu. "Umri huo."

Wakaondoka siku ya Jumatano asubuhi, bila ya Mkuu kujua kuwa ni Jumatano, au kwa usahihi zaidi, bila kukubali kujua. Kwenye ukuta wa kijumba alibandika karatasi yenye kanuni za chombo. Ya kwanza: anayeshika usukani ndiye kapteni, na mwenzake asimfundishe kazi. Ya pili: hakuna saa mkononi, na simu ikae kwenye kopo la biskuti, itoke jioni tu kuzungumza na binti. Ya tatu ilikuwa kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUTAJA SIKU YA WIKI. ATAKAYETAJA ATAOSHA VYOMBO.

"Nimeishi kwa saa na siku maisha yangu yote," alieleza. "Jumatatu grisi, Jumanne ripoti, Alhamisi ukaguzi. Basi. Mstaafu hana Jumatatu."

Bi Futi aliijua hiyo Jumatatu ya grisi vizuri, maana ovaroli aliifua yeye. Hakubisha. Siku alizijua kimyakimya kupitia vidonge vyake vya presha, ambavyo binti alimpangia kwenye kisanduku chenye vyumba saba. Kila asubuhi anafungua chumba kimoja, anameza, ananyamaza.

Njia waliyoifuata ilikuwa mkondo wa ndani, kati ya nchi kavu na mlolongo wa visiwa vya mchanga vinavyozuia mawimbi ya bahari kuu. Maji yalikuwa tulivu, ya kijani, kina cha mita mbili pengine tatu, na njia ilionyeshwa kwa maboya mekundu upande mmoja na ya kijani upande wa pili. Walipita nyuma ya mji wa kwanza, wakaona vile miji isivyotaka kuonekana: majiko ya mahoteli, kamba za nguo, mabati ya viwanda, mtu anapiga mswaki dirishani na fulana yake ya ndani. Bi Futi aliwapungia wote. Wengi walimpungia. Mmoja alimwinulia mswaki.

Walikuwa na furaha, hilo lisemwe wazi. Mkuu alikuwa kapteni mwoga kuliko kuku. Akiona boti nyingine mbali kabisa, anakaa pembeni, anapunguza mwendo, anaipisha na salamu juu. "Tumepishwa na mtu leo hata mmoja?" Bi Futi aliuliza. "Subiri, bado," akasema. Zamu ya Bi Futi ikifika, Kiraka ilinyooka katikati ya maboya kama mshono, na Mkuu alikaa mbele na kijiti chenye alama za futi akipima kina na kutaja namba ambazo hakuna aliyemwomba. Mchana walikula mayai na mkate, jioni samaki. Walicheza karata. Mkuu alishindwa kila mara na kila mara akasema zile karata zina mafuta.

Jambo moja tu lilikwaruza. Mkuu alikuwa na haraka, haraka ambayo haikufanana na mtu aliyevua saa. Bi Futi aliposema wafunge gati kwenye mji wa pili wafue, maana mashuka yalikuwa yanasimama yenyewe, Mkuu aliitikia shingo upande. Walipoteza siku nzima. Na Bi Futi alipoona palepale gatini duka la vitambaa lenye ile pamba nzito ambayo hakuipata kwa miaka mitatu, wakapoteza siku nyingine, kwa sababu duka lilikuwa limefungwa na yeye hakuwa tayari kuondoka bila kuigusa.

"Hivi vitambaa vitakimbia?" Mkuu aliuliza.

"Na sisi tunakimbilia wapi?"

Mkuu alikwenda kukaa nyuma karibu na injini, mgongo umeelekea watu. Bi Futi alinunua mita sita, akaona dukani wanapima kwa wizi wa nusu inchi kila mita, akawafundisha adabu, akarudi na mita sita kamili.

Asubuhi iliyofuata, wakiwa njiani tangu jua kuchomoza, Bi Futi alitoka na vikombe viwili vya chai akamkuta mumewe kwenye usukani amevaa shati la kazi. Lile la buluu, lenye vishikizo viwili mabegani. Alilijua. Alilishona mwenyewe miaka sita iliyopita, na siku mumewe alipostaafu akalitia kwenye fungu la matambara. Kumbe lilitolewa humo. Lilikuwa limepigwa pasi, na kola imegeuzwa upande usiochakaa kwa mshono wa mkono, mshono mbaya sana, wa mwanaume aliyejificha chooni na sindano.

Bi Futi aliweka chai chini.

"Mume wangu. Mlingoti ni wa nini?"

Mkuu alitazama mbele. Maboya yalikuwa yamepangana vizuri, hakuna boti ya kuipisha, hakuna pa kukimbilia.

"Wa daraja," alisema mwishowe. "Wa kufunguliwa daraja."

Akamweleza, na alieleza kwa shida, kama mtu anayekiri wizi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafungulia watu. Matajiri, wavuvi, wanajeshi, watalii waliolewa, jahazi moja lililokuwa limebeba piano. Wote walipita, wakatazama juu, na nyuso zao zikabadilika. Hata walevi walinyamaza. Yeye alikuwa juu, hakuona walichokiona. Hakuwahi kupita chini ya daraja lake hata mara moja. Na sasa upande wa juu wa mkondo walikuwa wanamaliza daraja jipya, refu kwenda juu, la zege, lisiloinuka. Mwisho wa mwezi huu la zamani linafungwa moja kwa moja.

"Chombo kifupi hakifunguliwi," alisema. "Kanuni. Kimo kinachopita chini ni mita tatu. Kiraka ni mbili na nusu. Nikasema, nikiweka mlingoti wa mita mbili na zaidi usiokunjika, wa kuchomelewa, basi nitakuwa ndani ya kanuni. Sitamdanganya mtu."

Wote wawili waligeuza shingo polepole, wakaitazama ile bawaba.

Ilikuwa bawaba nzuri. Fundi aliipaka hata rangi.

"Kwa nini hukuniambia?" Bi Futi alisema, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Ningekuambia nini? Mzee mzima nataka kufunguliwa daraja? Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka wiki nzima. Halafu ningebomoa lile banda."

Na ni kweli angelibomoa. Moyo ulimuuma hasa. Siku mbili zile za kununa alimsema kwa binti, kwa dada yake, hata kwa mteja wa gauni la ubatizo, na kumbe mtu alikuwa anazika jambo aliloliwaza miaka mingi. Halafu, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kukaa na huzuni bila kushika kazi, aliinuka akaikagua ile pini.

"Tuseme haukunjiki."

"Unakunjika."

"Tuseme pini imeshika kutu."

"Umeipaka mafuta juzi. Nilikuona."

"Yule msichana uliyemwachia kazi ni mtoto wako wa kumfundisha mwenyewe. Mwambie ni wewe, akufungulie, yaishe."

"Huyo ndiye siwezi kabisa," Mkuu alisema. "Nilimfundisha miaka mitano asimfungulie mtu kwa sababu ya jina lake. Sasa nimfikie na jina langu? Na kaka yako je? Nitamtazama vipi?"

Kichwa kigumu kama kisiki. Bi Futi alikunywa chai zote mbili.

Daraja lilijitokeza baada ya kona: nguzo za mawe, chuma cheusi, kile chumba cha vioo juu kwenye kona moja, na magari yanapita bila kujua nani anakuja. Nyuma yake kwa mbali lile jipya lilikuwa limesimama jeupe na halina umbo la kupendeza. Mkuu alipunguza mwendo. Akasafisha koo mara tatu. Akashika redio.

"Daraja, daraja. Hapa chombo Kiraka, upande wa kusini. Tunaomba kupita."

Redio ikakwaruza. Sauti ya mwanamke kijana ikajibu, kavu na safi, kila neno limepigwa pasi.

"Kiraka, nimekupata. Taja kimo."

"Mita tano kasoro."

Bi Futi aliuma mdomo.

"Kiraka. Mlingoti unakunjika?"

Mkuu alikuwa ameshika redio kwa mikono miwili. Neno moja tu fupi lilitosha, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa watu wawili na fundi wa kuchomelea.

"Unakunjika," alisema Mkuu.

"Basi ukunjwe. Mtapita chini."

Akaiweka redio mahali pake taratibu. "Kamfundisha nani yule," alisema, akajaribu kucheka, na macho yakawa yamejaa maji. Alikwenda kwenye pini. Hakutaka msaada.

Bi Futi hakuvumilia. Kanuni ya kwanza ya chombo ilikataza kumfundisha kapteni kazi, lakini haikusema kitu kuhusu redio. Akainyakua.

"Daraja, sikiliza mwanangu. Mimi ni mama wa makamo, na nakuuliza kwa adabu: wewe huijui sauti hiyo? Miaka mitano umekula mkate niliokufungia mimi kwenye karatasi, umemsahau mkuu wako?"

"Mke wangu, acha!" Mkuu alipiga kelele kutoka juu ya paa, mlingoti umemlalia begani.

"Mama," redio ikajibu, kavu vilevile, "kanuni ni kanuni. Kama una malalamiko, muulize aliyeziandika. Ukishakunjwa mlingoti, sogeeni hadi nguzo ya pili, fungeni kamba, msubiri."

"Tusubiri nini tena? Si tumeambiwa tupite chini?"

"Nguzo ya pili, Mama. Msubiri."

Bi Futi alisema maneno mawili matatu ambayo hayakuhitaji redio. Hana haya, hana shukrani, na ule mkate alikuwa anaupaka siagi pande zote mbili! Hata hivyo walisogea hadi nguzo ya pili, wakafunga kamba. Mlingoti ulikuwa umelala juu ya paa, kichwa kimetokeza nyuma. Juu yao magari yalikuwa yananguruma na vumbi linadondoka. Mkuu alikaa kwenye kibao chake, mikono magotini, ndani ya shati lake la buluu, akautazama upande wa chini wa daraja lililofungwa, ambao ni giza na tandabui. Bi Futi alikaa karibu naye mpaka mabega yakagusana, akasema, "Nisamehe ile bawaba." Mumewe akamgonga goti kidogo kwa kiganja, kumaanisha yameisha.

Hapo ndipo kengele ikalia.

Kengele ya barabarani, ile ya vizuizi. Mkuu aliinua kichwa. Magari yakapunguza, yakasimama, na honi zikaanza, kwanza moja, halafu zote. Bi Futi alitazama kusini, akatazama kaskazini. Hakukuwa na boti nyingine yoyote.

"Anamfungulia nani?" aliuliza.

Mkuu alikuwa amesimama. Mdomo ulikuwa wazi na vidole vinahesabu.

"Mke wangu. Leo ni siku gani?"

Bi Futi hakuwa mjinga, alionyesha kwa kidole karatasi ya ukutani. Lakini alikwenda ndani, akaleta kile kisanduku cha vidonge, akamwekea mbele ya macho. Chumba kilichofunguliwa asubuhi ile kilikuwa cha kwanza cha wiki ya kazi.

"Jumatatu!" Mkuu alipiga ukelele. "Saa nne, Jumatatu! Kanuni ya kumi na moja!"

Na akaikariri, amesimama wima kama mwanafunzi: kila Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, daraja litainuliwa hadi mwisho, kuwe na chombo kusiwe na chombo, ili grisi itembee. Aliiandika mwaka wa tatu wa kazi, baada ya daraja kugoma wiki nzima kwa kukaa bila kuinuliwa. Chombo chochote kilicho karibu wakati huo, kiwe kirefu kiwe kifupi, ruhusa kupita.

Wangefika Jumamosi kama si mashuka. Wangefika Jumapili kama si ile pamba nzito. Bi Futi alilipigia hesabu hilo mara moja na akaliweka akiba, maana lingemfaa kwa miaka mingi ijayo.

Redio ikakwaruza. "Kiraka, tumeanza ufunguzi wa majaribio. Mnaruhusiwa kupita. Mwendo wa polepole."

Komeo likatoka kwa mlio mzito, na daraja likaanza kuinuka. Mwanga uliingia kwanza kama ufa, halafu mlango, halafu anga lote. Barabara, na mistari yake myeupe na yote, ikapanda juu ikasimama ukingoni mwa dunia. Maji yaliyokuwa kivulini yakageuka kijani. Mkuu aliwasha injini, akaipeleka Kiraka mbele, kichwa kimeinuka, kinywa wazi, na Bi Futi hakutazama daraja hata kidogo. Alimtazama yeye. Uso ule ulikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa muda ule haikuonekana hata thelathini.

Halafu, juu, kitu kikagonga. Ngo.

Mkuu alishtuka kama aliyeitwa jina. Mlio ule aliujua. Kila siku daraja likifika nusu, lazima ligonge ngo, mahali fulani chini, na hakuna aliyewahi kujua ni nini. Aliuandika kwenye ripoti ya mwaka mara thelathini na moja, na mara thelathini na moja mhandisi alijibu kuwa hakuna kilichoonekana. Mwaka mmoja walimpeleka kupima masikio. Bi Futi ndiye aliyemsindikiza.

Alizima injini katikati ya mkondo, akanyoosha kidole juu.

"Ndoo!"

Kweli. Juu kabisa, nyuma ya boriti la chuma, mahali panapojificha daraja likilala, ilining'inia ndoo ya rangi, imeota kutu, kwenye kulabu. Fundi rangi fulani aliisahau pale kabla Mkuu hajaajiriwa, na tangu siku hiyo kila daraja likiinuka, ndoo ilikuwa inabembea na kugonga chuma.

"Ni ndoo! Ni ndoo tu!" Mkuu alikuwa anarukaruka, boti inayumba, vikombe vinagongana ndani. "Sikuwa kiziwi! Mwambieni mhandisi ni ndoo!"

Kipaza sauti cha darajani kikawaka, na sauti ile kavu ikatanda juu ya mkondo mzima, juu ya honi za mabasi na lori.

"Chombo Kiraka, songa mbele. Hairuhusiwi kusimama chini ya daraja."

"Ni ndoo, binti!" Mkuu alipaza sauti kuelekea vioo vya juu, mikono yote miwili imeinuliwa.

"Nimesikia. Songa mbele."

Ikabidi Bi Futi ashike usukani. Aliwasha injini, akainyoosha Kiraka kati ya nguzo mbili, akampitisha mumewe upande wa pili huku mzee amepanda juu ya paa, anatembea kinyumenyume, macho hayabanduki kwenye ndoo. Nyuma yao daraja likaanza kushuka. Ngo, likasema tena, likilala.

Walipofika kwenye boya la kwanza la upande wa pili, redio ikaita mara ya mwisho. Sauti ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa imetikisika kidogo, kama ya mtu aliyeiweka redio mbali na mdomo kwa muda ili avute kamasi.

"Kiraka. Nimeandika: chombo kimoja, mlingoti umekunjwa kama inavyotakiwa. Nilikuona tangu konani, nikaomba Mungu usinidanganye. Safari njema, Mkuu. Na Mama, ule mkate ulikuwa mtamu."

Bi Futi alijibu kwamba atamfungia mwingine, kisha akaizima redio kwa sababu alikuwa analia na hakutaka kusikika.

Walitia nanga kwenye ghuba ndogo kabla ya mchana. Mkuu alikaa, anatabasamu peke yake. Bi Futi alisubiri mpaka wakala, wakamaliza, na vyombo vikajaa karai.

"Ulitaja siku," alisema.

"Nilikuwa kwenye dharura."

"Ulipiga kelele, tena mara mbili. Wenye magari walisikia."

Mkuu hakubisha, na hilo lilikuwa jipya. Akakunja mikono ya shati la buluu, akaosha vyombo vyote, na sufuria ya jana, huku anagonga kila sahani ukingoni mwa karai na kusema "ngo" kwa sauti nzito. Alipomaliza alikuwa ameloa kuanzia kola hadi tumboni. Bi Futi alimvua shati, akaukagua ule mshono wake wa chooni, akatikisa kichwa.

"Na mlingoti sasa?" aliuliza. "Mbele kuna daraja jingine la kuinuka?"

"Hakuna."

"Basi wa nini?"

Mkuu alifikiri. Akapanda juu ya paa, akauinua mlingoti mpaka ukasimama, akaikaza pini. Akashuka, akamshika mkewe bega.

"Anikia nguo," alisema.

Bi Futi alipima kwa macho, akafunga kamba kutoka kwenye mlingoti hadi mbele ya boti, akalitundika shati la buluu kwa vibanio viwili. Upepo ulipolijaza, akaona pale kwenye kola pa kutia mshono upya, akaenda kutafuta sindano.